OVADRAIVU KATIKA GARI ZA ZAMANI: KAZI YAKE NI NINI, NA YAFAA WAPI?



Kuuliza si ujinga. Wanachama kadha wenye gari za kuchukulia karafuu wametuuliza habari ya kitu kiitwacho ovadraivu, ambacho hakikosi kutajwa na wauzaji wa gari za zamani. Mwuzaji husema, "Gari hii ina ovadraivu," na papo hapo bei hupanda. Mnunuzi naye, kwa kuchelea kuonekana hajui, huitikia kwa kichwa kana kwamba amefahamu. Wengine wameambiwa ya kwamba ovadraivu huzidisha nguvu za injini. Wengine wameambiwa ya kwamba hupunguza petroli kwa nusu. Na wako walioambiwa ya kwamba lori yenye ovadraivu hupanda kilima chochote hali imejaa magunia.

Fedha ya kununulia gari hutoka katika karafuu, na karafuu ni jasho la mwaka mzima. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa taratibu, ili kila mwanachama aweze kuamua mwenyewe, wala asiamuliwe na maneno ya mwuzaji. Neno moja tungependa lishikwe tangu mwanzo: ovadraivu haizidishi nguvu. Kazi yake ni kuutoa msukumo na kuubadili uwe mwendo. Asiyelifahamu neno hili huenda akapoteza fedha yake, na akiwa katika mteremko na watu juu ya magunia, huenda akapoteza kilicho kikubwa kuliko fedha.

GIA NI NINI HASA

Kila mmoja wetu amepata kuona mtu akiinua jiwe kubwa kwa mtaimbo. Mkono wake hushuka hatua nyingi, na jiwe huinuka kidogo tu, lakini huinuka. Yeye ametoa mwendo akapata msukumo. Lau angeugeuza mtaimbo, ashike upande mfupi, jiwe lingekwenda mbali kwa mkono kushuka kidogo, lakini asingeweza kuliinua. Mambo haya mawili ni kama sahani mbili za mizani: ukitia huku, kule kwapungua. Hakuna mashine duniani iliyopata kuzidisha yote mawili kwa pamoja bila ya kuongezewa moto.

Gia za motokaa ni mtaimbo huo huo, ila umefanywa wa mviringo. Gurudumu dogo la meno likizungusha kubwa, kubwa huenda polepole lakini kwa msukumo mwingi. Hiyo ndiyo gia ya kwanza, ambayo kwayo gari hutoka mahali iliposimama au hupanda kilima. Gurudumu kubwa likizungusha dogo, dogo huenda mbio lakini msukumo wake ni haba. Mwenye baiskeli alijua hili kabla ya mwenye gari: gurudumu la meno la mbele likiwa na meno 48 na la nyuma meno 16, ukikanyaga mzunguko mmoja gurudumu la nyuma huzunguka mara tatu. Katika njia ya sawa ni raha. Katika kilima utashuka uisukume.

Katika gari nyingi za zamani za Uingereza na Marekani, gia ya mwisho, iwe ya tatu au ya nne, ilikuwa ya sawa kwa sawa. Injini ikizunguka mara moja, na ule mtaimbo mrefu wa chini ya gari, ambao mafundi wauita propela, huzunguka mara moja. Halafu katika difu, pale katikati ya magurudumu ya nyuma, mwendo hupunguzwa tena ili gari ipate msukumo.

Tutoe mfano wa gari ambayo wengi wetu twaijua, nayo ni Land Rover ya zamani. Difu yake ni ya 4.7 kwa 1, na katika sanduku lake la pili la gia mwendo hupunguzwa tena kidogo, kwa kadiri ya 1.15 kwa 1. Ukizidisha hesabu hizo mbili wapata 5.4. Yaani, hata katika gia ya nne, injini huzunguka mara tano na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Gari hii ikienda maili 50 kwa saa, injini yazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kila aliyepata kuipanda ajua sauti yake ilivyo. Hapana mazungumzo ndani yake isipokuwa kwa kupiga kelele.

Wenye kuitengeneza hawakukosea. Gari ile ilikusudiwa matope, mawe na vilima, nayo yavimudu. Lakini yule aliyeichukua katika njia ndefu ya lami alitamani gia moja zaidi, iliyo juu ya ya nne, ili injini ipumzike. Gia hiyo ndiyo ovadraivu. Maana yake kwa ufupi ni mpango wowote wa gia ambao kwao shafti inayotoka huzunguka upesi kuliko shafti inayoingia.

JUA, SAYARI NA PETE

Sasa twende ndani ya chombo chenyewe. Ovadraivu za zamani zilizofanywa kando na kufungwa nyuma ya giaboksi, aghalabu zilitumia gia za namna moja, nazo zina sehemu tatu. Katikati liko gurudumu la meno ambalo mafundi hulipa jina la jua. Kulizunguka jua yako magurudumu madogo, kwa kawaida matatu, yaitwayo sayari, nayo yameshikwa pamoja katika kibebeo kimoja. Na nje ya yote iko pete kubwa yenye meno upande wa ndani, na meno ya sayari yashikana na jua kwa huku na pete kwa kule.

Ili kufahamu inavyofanya kazi, tukumbuke wavuvi wanavyopandisha dau pwani juu ya magogo ya mviringo. Dau likivutwa, magogo nayo huviringika, lakini huachwa nyuma. Dau likienda hatua mbili, gogo limekwenda hatua moja tu. Ndiyo maana lazima wawepo vijana wa kuyaokota magogo nyuma na kuyapeleka mbele. Sasa tuligeuze jambo. Lau badala ya kulivuta dau mtu angeyasukuma magogo yenyewe hatua moja mbele, dau lililo juu yake lingekwenda hatua mbili. Kilicho juu ya gogo hulitangulia gogo.

Basi jua lililozuiliwa lisizunguke ni kama mchanga wa pwani. Sayari ni magogo. Pete ni dau. Injini huzungusha kile kibebeo cha sayari, yaani huyasukuma magogo. Magogo huviringika juu ya jua lililosimama, na pete hutangulia mbele kwa mwendo uliozidi. Pete ndiyo iliyoungwa na propela, kwa hiyo propela huzunguka upesi kuliko injini.

Kwa kuwa vitu hivi ni vya mviringo na jua ni dogo kuliko pete, ziada haiwi mara mbili kama ya dau, bali huwa kidogo. Hesabu yake ni nyepesi. Gawa meno ya jua kwa meno ya pete, kisha ongeza moja. Tuchukulie jua lina meno 20 na pete meno 80: 20 kwa 80 ni robo, ongeza moja, wapata moja na robo. Injini ikizunguka mara nne, propela huzunguka mara tano. Au ukipenda kuligeuza, kwa mwendo ule ule wa gari, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika sasa yazunguka mara 2,400.

Na ikiwa dereva haitaki ovadraivu? Hapo jua huachiliwa, na sehemu zake hufungamanishwa zikazunguka pamoja kama kitu kimoja. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Uzuri wa gia za namna hii ni kwamba meno hayatengani kamwe, kwa hiyo hakuna ile sauti ya meno kusagana wakati wa kubadili. Jambo linalobadilika ni moja tu: jua limeshikwa, au limeachiliwa.

Tofauti kubwa baina ya ovadraivu za Uingereza na za Marekani iko hapo, katika namna ya kulishika jua. Na tofauti hiyo si ya mafundi peke yao, kwani yamgusa dereva awapo katika mteremko.

YA UINGEREZA: LAYCOCK

Ovadraivu iliyojulikana mno Uingereza ni ile iliyobuniwa na Edgar de Normanville na kufanywa na kiwanda cha Laycock katika mji wa Sheffield. Ilianza kutiwa katika gari ya Standard Vanguard mwaka 1948, kisha ikaenea katika Triumph, Austin-Healey, Jaguar, MG, na baadaye Volvo za Sweden. Ilitoka viwandani kwa miaka kama arobaini.

Ndani yake kuna kitu chenye umbo la koni, kilichoungwa na jua, nacho chaweza kusogea mbele na nyuma. Springi zenye nguvu hukisukuma nyuma kikakaza juu ya pete. Hapo jua na pete huwa kitu kimoja, na gari yaenda sawa kwa sawa. Dereva akibonyeza swichi, sumaku ya umeme, ambayo mafundi huiita solenoidi, hufungua valvu. Oili iliyokamuliwa na pampu ndogo, kwa kadiri ya ratili 400 kwa kila inchi ya mraba, husukuma bastola mbili, nazo huivuta ile koni mbele ikakaza juu ya ukingo usiozunguka. Jua lasimama, na pete yatangulia. Kazi yote hutimia kwa muda mfupi mno, wala dereva hana haja ya kukanyaga klachi. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 100 sasa huzunguka kama mara 75 hadi 82, kwa kutegemea gari.

Mna pia klachi ya upande mmoja, ambayo ni sawa na ile friwili ya baiskeli: ukikanyaga hushika, ukiacha huzunguka bure. Hiyo husaidia kupeleka nguvu mbele pale koni inapokuwa njiani, haijashika huku wala kule. Lakini gari inaposhuka mlima bila ya kukanyaga mafuta, koni ndiyo inayoifunga injini na magurudumu, kwa hiyo injini yaendelea kuizuia gari. Hii ni sifa njema, na tutaona kwa nini.

Ila lina sharti moja kubwa. Usirudi nyuma kamwe ovadraivu ya Laycock ikiwa imeshika. Gari inaporudi, vitu vyote huzunguka kinyume, na pete, kwa kuwa imeongezewa mwendo, hutaka kwenda kinyume upesi kuliko shafti ya injini. Kwa ile klachi ya upande mmoja hali hiyo ni sawa na kukanyagwa mbele, basi hushika. Sasa koni yaamuru pete iende upesi, na klachi yaamuru iende sawa. Vitu viwili vyenye amri mbili katika chombo kimoja, lazima kimoja kivunjike. Ndiyo maana wenye kuitengeneza walitia swichi katika giaboksi, inayokata umeme mpaka gia ya juu itiwe. Fundi mwenye haraka akiiunga waya moja kwa moja na kuiruka swichi hiyo, amekuandalia hasara. Na ikiwa ovadraivu imekwama katika kushika, gari isirudishwe nyuma hata kwa kusukumwa, mpaka itazamwe.

YA MAREKANI: BORG-WARNER

Marekani, kampuni ya Borg-Warner ilifanya ovadraivu iliyoanza kuonekana katika gari za Chrysler na DeSoto mwaka 1934, na baadaye katika Studebaker, Nash, Ford na nyinginezo. Nayo ina jua, sayari na pete, ila jua hushikwa kwa kibao cha chuma kinachoingia katika tundu la sahani, kama komeo la mlango. Katika gari nyingi hupunguza mizunguko ya injini hadi 70 katika kila 100.

Dereva huisukuma ndani fimbo iliyo chini ya dashibodi kuipa ruhusa. Gari ikifika mwendo wa maili 28 kwa saa hivi, kifaa kinachopima mwendo huunga umeme. Dereva huondoa mguu juu ya mafuta kwa muda, na komeo huingia. Akitaka kulipita gari jingine, hukanyaga mafuta hadi chini kabisa. Moto wa plagi hukatwa kwa nukta moja ili komeo lilegee na kutoka, na gari hurudi katika gia ya kawaida.

Mpaka hapo ni kazi ya kupendeza. Lakini tahadhari! Fimbo ikiwa ndani na mwendo ukiwa mdogo, komeo huwa halijaingia, na gari yaendeshwa na klachi ya upande mmoja peke yake, bila ya koni ya kuifunga kama ile ya Laycock. Maana yake, injini yaweza kuisukuma gari, lakini haiwezi kuizuia. Ukiondoa mguu katika mteremko, gari hutiririka kama baiskeli, na breki peke yake ndiyo yenye kubeba mzigo wote. Hata ikiegeshwa ikielekea chini ya kilima na kuachwa katika gia ya kwanza, yaweza kushuka yenyewe, kwa sababu gia haina la kuizuia. Na kwa sababu hiyo hiyo, betri ikifa, kusukuma ili injini iwake hakufai kitu mpaka fimbo ivutwe nje.

Dawa yake ni hiyo hiyo fimbo. Ikivutwa nje, kila kitu hufungamana na gari huwa kama haina ovadraivu. Madereva wa zamani wa nchi zenye milima walijua kuivuta kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko.

LAND ROVER NA LORI

Kwa Land Rover, ovadraivu iliyojulikana ni ya Fairey, iliyouzwa tangu miaka ya 1970. Hufungwa nyuma ya sanduku la pili la gia na ina fimbo yake. Humpatia dereva mwendo wa zaidi ya robo kwa mizunguko ile ile ya injini, yaani zile 3,000 za maili 50 kwa saa huwa kama 2,350. Haina solenoidi wala pampu ya nguvu. Lakini oili yake ni yake peke yake na ni kidogo, na mwenye kusahau kuitazama huiua upesi. Tena hukaa mahali pale pale pa kutolea nguvu nyuma ya gari, hivi kwamba mwenye kutaka kuendesha mashine kwa injini ya gari hawezi kuwa na vyote viwili.

Katika lori kubwa za Marekani za zamani zilikuwako giaboksi mbili, moja nyuma ya nyingine, na dereva alikuwa na fimbo mbili. Ile ya pili aghalabu ilikuwa na hatua tatu: ya kupunguza, ya sawa kwa sawa, na ya kuzidisha, ambayo ndiyo ovadraivu. Lori nyingine ziliwekwa gia ya tano iliyo juu ya ile ya sawa kwa sawa, ndani ya giaboksi moja. Hata motokaa ndogo zilifanya hivyo. Peugeot 203 ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1948, gia yake ya nne ilikuwa ni ovadraivu. Basi mtu asidanganywe na jina. Mara nyingine ovadraivu si chombo cha peke yake, bali ni gia ya mwisho tu.

Wako pia wanaoiita ovadraivu ile ekseli ya Eaton yenye mwendo wa namna mbili, inayobadilishwa kwa kitufe kilicho katika fimbo ya gia. Hiyo si ovadraivu kwa maana kamili. Ni difu yenye hesabu mbili, moja ya mzigo na moja ya kurudi tupu. Kwa mchukuzi wa mizigo, twathubutu kusema yafaa zaidi, kwa sababu humpa dereva msukumo wa ziada anapouhitaji.

JE, PETROLI YAPUNGUA?

Yapungua, lakini kwa masharti. Injini hula petroli kwa kazi mbili: kuisukuma gari, na kujizungusha yenyewe. Bastola zikisuguana, oili ikikorogwa, hewa ikivutwa kwa shida katika mlango uliofunguliwa nusu, yote hayo hulipwa kwa petroli. Mizunguko ikipungua, gharama ya kujizungusha hupungua. Kwa hiyo katika njia ndefu ya sawa, gari ikiwa nyepesi, ovadraivu huokoa petroli na huirefushia injini umri wake.

Lakini mzigo ukiwa mzito au njia ikipanda, injini iliyopunguziwa mizunguko hukosa msukumo. Dereva hukanyaga mafuta zaidi, injini hutetemeka na kugongagonga, beringi zaumia, na petroli iliyotazamiwa kuokolewa yaliwa yote. Hapo hakuna faida iliyobaki. Ama hayo maneno ya kwamba petroli hupungua kwa nusu, hayana msingi.

HAPA KWETU

Sasa tuitazame Pemba yetu. Kisiwa hiki urefu wake ni kama maili 42, na baina ya kilima na kilima kuna bonde. Safari ya kutoka shamba hadi kituo cha kuuzia karafuu aghalabu ni fupi, nayo ni ya kupanda na kushuka. Mara ngapi dereva atapata njia ndefu ya sawa, gari nyepesi, na mwendo wa maili 45 kwa saa usiobadilika? Mara chache sana. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya njia za mamia ya maili, na huko kilistahili sifa zake. Hapa kitashinda kikisubiri.

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo haya:

Kwanza, usilipe zaidi kwa ajili ya ovadraivu. Ikiwa gari ni nzima na ovadraivu imo, ni vyema. Lakini ukiwa na fedha ya kutengeneza kimoja, tengeneza breki na nunua matairi kabla ya kufikiri habari ya ovadraivu.

Pili, lori iliyobeba iende bila ya ovadraivu. Itumie ikirudi tupu, katika njia ya sawa.

Tatu, iondoe kabla ya kuanza kushuka. Hata ile ya Laycock, ambayo huiacha injini izuie, huizuia gari kwa udhaifu ikiwa imeshika, kwa sababu kuzidisha mwendo ni kupunguza msukumo, na injini huzuia kwa msukumo huo huo. Shuka kwa gia uliyopandia. Breki zikitumiwa peke yake kutoka juu hadi chini hupata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Katika msimu wa mavuno lori huwa na magunia, na juu ya magunia wamekaa wachumaji, nao ni watoto wa watu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nne, wenye gari za Kijapani za gia za otomatiki wasidhani habari hii haiwahusu. Gari nyingi za namna hiyo zina kitufe kilichoandikwa O/D. Taa ya O/D OFF ikiwaka, gari yazuiliwa isiingie gia yake ya juu kabisa. Ukiwa na mzigo katika vilima, au unaposhuka, taa hiyo na iwake. Ukifika njia ya sawa, izime.

KWA ANAYENUNUA

Mwanachama akiitazama gari yenye ovadraivu ya Laycock, aombe kuiendesha mpaka ipate moto, kwa sababu oili baridi huficha uvujaji wa nguvu. Aiwashe na kuizima mara kadha katika gia ya nne. Yapasa ishike upesi na iachilie upesi. Ikishika kwa kuchelewa, aghalabu oili ni kidogo, au chujio limeziba, au valvu ni chafu. Isiposhika kabisa, aanze na umeme: fyuzi, waya, swichi ya giaboksi, kisha solenoidi. Gari nyingi zimefunguliwa giaboksi bure, kumbe kosa lilikuwa waya uliolika kwa kutu. Katika nyingi ya gari hizo, oili ya giaboksi na ya ovadraivu ni moja, kwa hiyo itiwe ile iliyoamriwa katika kitabu cha gari, wala isichanganywe na dawa za kulainisha zaidi, kwa kuwa koni hufanya kazi kwa kushika, na kilicholainishwa mno hakishiki.

Ikiwa ni ya Borg-Warner, aulize fimbo i wapi, na aihakikishe kwamba ikivutwa nje gari kweli yazuiliwa na injini. Fimbo iliyokwama ndani ni sababu ya kutosha ya kuiacha gari hiyo. Na ikiwa ni ya Fairey, aitazame oili yake, na aisikilize: mlio wa kusaga unaoanza pale ovadraivu inapotiwa ni alama mbaya, na vipuri vyake havipatikani dukani kila siku.

Haya ndiyo tuliyoyaona yafaa kuwafikishia. Mwenye kuyashika hatahitaji kutikisa kichwa mbele ya mwuzaji yeyote. Atamwuliza ni ya namna gani, hushikaje, na huachiliaje, na majibu yatamwonyesha kama mwenyewe aijua gari anayoiuza. Mwanachama mwenye swali zaidi na afike ofisini, au atuandikie barua, nasi tutamjibu katika toleo lijalo.

Twawatakia mavuno mema na njia salama.

Katibu wa Chama